Pua Bapa

Twilumba Kihongosi amefika na kopo la kahawa
kutoka Mufindi, kwa basi la alfajiri,
ukungu bado umemlowesha mtandio.
"Kamwene, fundi."
"Kamwene."
Akalisukuma juu ya kioo cha meza yangu,
katikati ya saa zisizotembea.
Ndani, risasi saba
zimevishwa soksi moja ya mtoto.

Mimi ni fundi saa. Hapa Miyomboni
watu huniletea chochote chenye herufi ndogo:
pete za marehemu, vitako vya vijiko, meno ya dhahabu,
kwa kuwa nina lenzi
na kwa kuwa sisemi.

Nikaibana lenzi jichoni, nikaanza na kitako,
maana risasi haitambuliwi usoni.
Ukingo umetokeza, kama kisosi chini ya kikombe.
Herufi ya kwanza ipo, ya pili imeliwa na kutu ya kijani.
Kisha thelathini. Kisha kistari. Kisha thelathini tena,
kama mtu anayerudia jina lake
kwa karani asiyesikia.

"Mtendaji wa kijiji kasema ni za vita vya Mjerumani."
Mtendaji hajui. Zile za vita ni ndefu kuliko hizi
kwa nusu ya ukucha, na ncha zake zimechongoka.
Hizi, gusa.
Akagusa. Shaba mabegani, risasi tupu utosini,
na pua bapa, kama iliyosuguliwa kizingitini.

Nikamweleza: bunduki yake ina wenzo chini,
unashushwa na kupandishwa kama mkono wa pampu ya kisima,
na chini ya mtutu kuna bomba.
Humo hulala foleni, pua ya huyu kitakoni mwa yule.
Sasa tia humo moja iliyochongoka:
mtikiso mmoja, ncha inagonga fataki ya aliye mbele,
na nyumba nzima inalipuka
kabla mnyama hajainua sikio.
Ndiyo maana wakazifuta pua.

Akacheka, mara ya kwanza.
"Kama sisi kitandani kwa mama, pua mgongoni.
Aliyechongoka ni Lukelo."

Baba yao alifuata nyayo kwa niaba ya Mgiriki wa tumbaku.
Mgiriki alipofunga mabanda akaondoka,
mshahara wa miezi mitatu akaulipa kwa bunduki.
Walikula pongo miaka minne,
nyama ikiuzwa usiku, ndani ya majani ya mgomba,
mbili kwa ulanzi, moja kwa ada ya shule.
Bunduki yenyewe? Lukelo anasema imezikwa shamba la pareto.
Mama anasema haikuwahi kuwepo.

Ya saba niliiacha mwisho, maana niliiona mapema.
Katikati ya fataki kuna kishimo,
kidogo, cha duara, safi.
Pini iligonga hapa.
Risasi haikuitika.

"Mbele yake palikuwa na nini?"

Nikaifuta lenzi, ingawa haikuwa chafu.
Naweza kusoma kiwanda, dada yangu, naweza kupima shingo,
naweza kukuambia baruti iliota unyevu
labda mvua za masika, labda darini juu ya moshi.
Shaba haiandiki kilichosimama mbele yake.

Akaishika kwa vidole viwili.
"Baba aliacha kuwinda ghafla. Hakusema.
Mwaka huo Lukelo alikuwa na miaka kumi,
yeye ndiye aliyetumwa kichakani
kuwafurusha pongo."

Nje muuza viazi alikuwa akigombana na upepo,
mwamvuli wake umegeuka ndani nje.

Tulifunga duka, tukashuka wote hadi kituoni,
ile yenye kishimo nimeishika mwenyewe, pua chini,
kama mtu aliyebeba yai la kuazima.
Koplo aliandika: *risasi kuukuu, saba.*
Hakuuliza za nini. Akatafuta muhuri, hakuuona,
akatia sahihi.

Twilumba alisimama pale pale kaunta.
Soksi, akasema.
Naomba nirudishiwe soksi.